Cheti cha lulu "AAA+" kimetolewa na nani? Yule bwana katuona mazezeta!

Wakuu, damu inachemka. Yule muuza lulu, mnamjua wote, leo kanisukumia cheti mezani. Mhuri mwekundu, mkubwa kama kisosi: "AAA+". Natazama chini aliyepima ni nani. Duka lake mwenyewe! Kajitungia mtihani, kajisahihishia, kajipa na zawadi!

Hakuna kiwango cha kimataifa kinachoitwa AAA kwenye lulu za kufuga. Kila duka lina A zake. GIA, ile taasisi ya vito ya Marekani, inatazama mambo 7: ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, ngozi, tabaka la lulu (lile ganda la nje linalong'aa) na jinsi zinavyofanana kwenye kidani. Wajapani nao, akoya, lulu yao ya kufuga baharini, haipati cheti cha Hanadama, kile cha akoya bora kabisa, kwenye maabara ya lulu ya Tokyo (Pearl Science Laboratory) kama tabaka halijafika milimita 0.4. Linapimwa! Cha yule bwana kimeandikwa "nene". Nene kama nini, chapati?

Halafu mhuri ule!

Akawasha taa ya njano. Lulu hutazamwa kivulini kwenye mwanga wa mchana, juu ya kitambaa cheupe, unaiviringisha taratibu. Tabaka likiwa jembamba, mistari ya kiini, ile gololi inayopandikizwa ndani ya chaza, inaonekana kwa ndani, lulu inawaka na kuzima. Zake zilikonyeza kama indiketa za bodaboda. Kuuliza, najibiwa: "Dada, si umeona mhuri?" MHURI WAKE!

Sonara_Mkongwe: Pole dada. Tazama tundu kwa lenzi ya mara 10. Mpaka wa kiini na tabaka unaonekana palepale. Rangi ikiwa imejikusanya mdomoni mwa tundu, hiyo imetiwa.

Mchokonozi: Yaani ulikwenda kununua lulu au kusoma mihuri? 😂

BintiFumba: Afadhali yako ni duara. Huku Unguja wapo wanaouza nusu lulu kama lulu nzima, wameifukia kwenye fedha usione mgongo. Ile kiini chake hubandikwa kwa gundi ndani ya gamba la chaza. Ikishavunwa inakatwa, kiini kinatolewa, shimo linajazwa gundi ngumu, nyuma inazibwa kwa kipande cha gamba. Ni nzuri mno, lakini semeni ni nusu!

Mawe_Tu: Njooni kwenye tanzanite muone AAA zinavyogawiwa kama pipi.

Mama_Kidani: Mimi nalia na mafundi wa kutunga. Wanapitisha nailoni, hakuna hata fundo! Hariri, fundo baada ya kila lulu, ili zisisagane tundu kwa tundu, na uzi ukikatika idondoke moja, si kidani kizima.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mhuri!

Sonara_Mkongwe: @Mama_Kidani umesema kweli. Na manukato yapakwe kwanza, lulu zivaliwe mwisho. Manukato yanakula ngozi ya lulu hayo.

Mchokonozi: Fundi wa hariri anapatikana wapi Dar?

Mama_Kidani: Njoo inbox.