Kiti cha mninga kilichotupwa: nitakivalishaje upya kwa shilingi 40,000?

Mpangaji wa Tandika (mtoa mada)
Wadau, habari zenu. Mpangaji mwenzetu alipohama aliacha kiti chenye mikono ya mbao, kikatupwa karibu na jalala, nami nikakiomba. Naamini mbao yake ni mninga, kwa sababu nilipoipiga msasa kidogo chini ya mguu ilitoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Kitambaa kimechanika, sponji limegeuka unga, mguu mmoja wa nyuma unacheza, na ukikaa unazama. Nina shilingi 40,000 tu, na fundi makochi niliyemuuliza alitaja zaidi ya mara mbili ya hizo. Naomba kujua nianzie wapi na fedha hizi nizitumie kwenye nini hasa, kwa kuwa nataka akikalie mama yangu, ambaye anasumbuliwa na magoti.

Fundi Mstaafu, Keko
Ndugu yangu, kitambaa kiwe cha mwisho kununuliwa. Fungua kiti kifanyie kazi nje, si chumbani, kwa sababu viti vya kuokota huficha kunguni kwenye mikunjo na kwenye matundu ya misumari. Sponji la zamani litupwe lote, lakini kitambaa kitoe taratibu bila kukichana, maana ndicho kiolezo chako. Mimina maji yanayochemka kwenye maungio na matundu, kisha ukaushe mbao kivulini kwa siku kadhaa, kwa kuwa jua kali huipasua.

Mguu unaocheza usiupige msumari. Uchomoe, ukwangue gundi ya zamani yote hadi uone mbao, kwani gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka, kisha upake gundi nyeupe ya mbao, uukaze kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, na uuache saa 24. Mikanda ya kukalia ikate kwenye tyubu kuukuu ya gari, upana wa sentimita 5, uivute kwa nguvu kabla ya kuipigilia na uisuke kama jamvi, mmoja juu mmoja chini. Juu yake tandika gunia ili mpira usilile sponji. Ukiwa na kipande cha godoro la zamani, kinaweza kufaa.

Mama Vitambaa
Kwa heshima zote, fundi, hapo kwenye godoro sikubaliani nawe. Godoro lililolaliwa miaka mingi limeshachoka, na mama mwenye maumivu ya magoti akizama chini atapata taabu kunyanyuka kila mara. Mwanangu, sehemu kubwa ya fedha zako iende kwenye sponji jipya gumu la inchi tatu. Libonyeze dukani kwa kiganja, na lisiporudi upesi liache.

Kwenye kitambaa ndipo pa kubana matumizi. Suruali mbili tatu za jinzi za mitumba, zikifumuliwa na kuunganishwa kwa cherehani, hudumu kuliko kitenge, ambacho ni kizuri kwa macho lakini ni chepesi na huchanika penye kona. Kwa fremu ya sentimita 50 kwa 50 na sponji la sentimita 7.5, kata kitambaa cha sentimita 75 kila upande, ili kishuke pembeni na kubakiza sentimita 5 za kukunja chini. Pigilia kwanza katikati ya pande zote nne, upande mmoja kisha ule unaoukabili, ndipo uelekee kwenye kona; ukianzia kwenye kona kitapinda, na kukinyoosha tena ni lazima ung'oe misumari yote.

Mpangaji wa Tandika (mtoa mada)
Nawashukuru sana, fundi na mama. Nimekifungua jana, na kweli nimekuta kunguni kwenye mshono wa nyuma, hivyo sponji lote nimelichoma na fremu nimeimwagia maji ya moto. Tyubu nimepewa bure kwa mziba pancha. Fremu yangu ni ya sentimita 50 kwa 50 kama alivyokadiria mama. Je, mikanda minne inatosha?

Fundi Mstaafu, Keko
Weka minne kutoka mbele kwenda nyuma na minne ya kukatiza, kila mmoja kwa misumari mitatu kila ncha, kisha uukunje na kuongeza miwili juu ya mkunjo. Kuhusu sponji, msikilize mama. Kwa magoti ya mzee, yuko sahihi.