Mtoto anaogopa koti jeupe hadi la kinyozi, nifanyeje?

Mama Nasri: Habari zenu jamani. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, mwezi wa pili alilazwa siku tano kwa nimonia, sindano asubuhi na jioni mpaka mshipa ukawa haupatikani, mi nilikua natoka nje nalia. Kapona, namshukuru Mungu. Sasa juzi baba yake kampeleka kunyoa, kinyozi ni yuleyule tangu ana mwaka mmoja na wanapatana sana, ila siku hiyo alivaa koti jeupe. Mtoto kapiga kelele mtaa mzima ukatoka nje na wala hajaguswa. Siku hizi hata pale buchani muuza nyama akiwa na koti lake inabidi tuvuke barabara. Bibi yake anasema ni deko, achapwe ataacha. Moyo wangu unakataa.

Ticha wa Moro: Pole sana dada, na usimchape tafadhali, huyo hajadeka. Chuo cha ualimu tulisoma hii kitu. Mwanasayansi Mrusi Pavlov aliona mbwa wake wanadondosha mate wakimwona tu anayewalisha, chakula chenyewe hakijafika. Mwanao naye maumivu yalikua yanakuja na koti jeupe kila siku mara mbili, basi sasa koti peke yake linatosha. Na woga unasambaa kwa vinavyofanana. Marekani mwaka 1920 wanasaikolojia Watson na Rayner walimzoesha mtoto mchanga kuogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila akimgusa panya, mwisho akawa analia hata kwa sungura na koti la manyoya, halafu wakamwacha hivyohivyo bila kumtibu. Mi nikikumbuka naumia mpaka leo.

Ila 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimtibu mtoto Peter aliyeogopa sungura. Anapewa chakula anachokipenda, sungura anawekwa mbali, kesho anasogezwa kidogo, mpaka akaachia sungura amng'ate ng'ate vidole. Katikati alirudi nyuma kabisa baada ya kuugua na kurukiwa na mbwa mkubwa, wakaanza tena. Kwahiyo nawe ukiona karudi nyuma usikate tamaa.

Kaka Tanga: Mi mtu mzima na yamenikuta. Nilikula wali wa nazi na samaki, usiku malaria ikapanda nikatapika mpaka nyongo. Samaki hakua na kosa, wenzangu wote walikula na wako fresh, na malaria naijua inaletwa na mbu, lakini huu mwaka wa nne harufu ya samaki wa nazi ikinipita tu tumbo linageuka. Mtu wa pwani mimi! Sasa kama mi mwenye akili zangu najieleza na mwili unagoma, huyo wa miaka mitatu utamchapa ili aelewe nini?

Dada Ushauri: Naongezea moja, hapo kwenye kuvuka barabara. Naelewa unamwonea huruma, ila kila mkivuka anapata nafuu palepale, na ile nafuu ndo zawadi, inamfundisha kwamba kukimbia ndo kumemwokoa. Msivuke, ila pia msimlazimishe kuingia, simameni mbali pale anapoweza kuvumilia, mkae mpaka atulie, ndo muondoke. Halafu tafuta mtoto mwenzake. Mwanasaikolojia Bandura na wenzake 1967 walichukua watoto wanaoogopa mbwa wakawaonyesha mtoto mwenzao anacheza na mbwa kidogo kidogo, wengi wakaanza kumsogelea. Ana binamu wa rika lake? Anyolewe huyo kwanza, wako aangalie tu.

Mama Nasri: Jamani asanteni, nimeona nirudi niwaambie. Nimeongea na kinyozi, kaka wa watu muelewa sana, koti akalitundika kwenye msumari mwisho wa saluni. Siku ya kwanza tulikaa nje kwenye benchi anakula ubuyu, siku ya tatu mlangoni. Jumapili binamu yake kanyolewa huku anacheka, wangu kanishika sketi lakini hakulia. Jana kaenda mwenyewe kwenye koti akashika kifungo, akaniambia "mama, halina sindano". Nimelia tena, safari hii kwa furaha. Kunyoa bado, nywele zimekua kichaka na bibi analalamika, mi namwambia asubiri. Kliniki tunarudi mwezi ujao, ticha naomba uniambie, nimwombe nesi avue koti kabla hatujaingia au niende na ubuyu?