Pointi za "maadili" kwenye mashindano ya nyumba chuoni: zifutwe au zibaki?

Wakuu salama? Kuna chuo kimoja (sitakitaja, nilisoma hapo na bado nina wadogo zangu pale) wanabishana kama pointi za maadili ziendelee kwenye mashindano ya nyumba, nikaona tuujadili hapa maana hii kitu ipo sehemu nyingi kwa majina tofauti, wengine nyumba, wengine holi, wengine bloku. Msimamo wangu nausema mapema ili msinizungushe: mashindano yabaki, pointi za maadili zifutwe.

Kwa ambao hawajapitia, pale kwetu ukiingia mwaka wa kwanza mnapigiwa kura ya bahati mnagawanywa nyumba nne kwa rangi, nyekundu, bluu, njano, kijani, haijalishi unasoma nini wala unalala wapi. Mpira, netiboli, bao, drafti, mdahalo, kukimbia na magunia, siku ya mwisho kuvuta kamba. Mpaka hapo safi kabisa. Kasheshe ni kwamba kuna fungu zima la pointi linaitwa "umoja na maadili yetu", kamati inaangalia nani kahudhuria mazoezi, nani kavaa fulana ya nyumba, nani anaijua kauli mbiu. Usipotokea nyumba yako inakatwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka wetu. Karatasi ya mahudhurio inazunguka uwanjani saa kumi na moja jioni, nusu ya watu wako kwenye vimbweta wana test kesho yake, na kiongozi wa nyumba anajua wakikosekana tunakatwa. Mi mwenyewe siku moja nilisaini majina manne, mawili nikasaini kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane. Yaani tunaghushi saini tupate pointi za uadilifu jamani. Na kwa kweli siku ile tulishirikiana kuliko siku yoyote, mmoja analinda njia, mmoja anasaini, mmoja anampigisha stori mwalimu wa michezo asigeuke.

Halafu ikaja fainali ya kamba, kijani na njano. Kijani walikuwa na mijitu, kuna mmoja tulikuwa tunamwita Lori, ndo wakamuweka nyuma kabisa kajipitishia kamba begani. Njano wembamba wembamba tu, tukajua hapa ni kuaibishana. Ila njano walikuwa na dada mmoja mfupi, havuti, kachuchumaa pembeni macho usawa wa kamba, anaita "haya... haya... haya". Akisema haya wote nane wanarudi nyuma hatua moja, akinyamaza wanaganda, visigino vimezama kwenye mchanga hata hawapumui. Kijani kila mtu anavuta kwa muda wake, Lori anapiga kelele "vutaaa" mishipa ya shingo imesimama lakini wakati yeye anavuta mwenzake wa mbele ndo anapangusa mikono kwenye bukta. Haikufika dakika mbili.

Baadaye sana nikaja kusoma kuna mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa 1913. Watu nane wakivuta pamoja kila mmoja anatoa kama nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Nusu! Hawavuti kwa wakati mmoja, halafu kila mtu kichwani anajua kuna wenzie saba. Anayebisha akumbuke asainmenti ya grupu, watu saba, anayeandika mmoja, sita wanaleta namba ya usajili na emoji ya dua. Hilo la kwanza linatibika kwa "haya" ya yule dada, la pili linatibika mtu akiwa na kazi yake ambayo akilegea inaonekana. Fulana na kauli mbiu vinatibu lipi hapo? Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa 1:
Mwanangu mtoa mada, mimi ni mlezi wa nyumba mahali, nadhani umeangalia upande mmoja tu. Bila kusukumwa hawa vijana hawatoki chumbani, simu imewamaliza. Nilikuwa na binti katoka Pemba, muhula mzima hazungumzi na mtu, kwa kuogopa nyumba kukatwa pointi akaja uwanjani, akakaa pembeni, tukampa daftari aandike mabao ya netiboli. Mwaka uliofuata ndiye alikuwa katibu wa nyumba. Ungefuta pointi zako angetokaje?

Mtoa mada:
Shikamoo mlezi. Hapo nimebanwa kidogo, nakubali bila msukumo asingefika uwanjani. Lakini ngoja nikuulize kwa heshima, angekuja akasaini akaondoka angekuwa katibu? Lile daftari ndo lilimbakiza. Wangapi walisaini siku ile wakapotea hujawaona tena? Basi mtu alazimike kuwa na kazi, siyo kuwa na fulana.

Mchangiaji wa 2:
Mnasumbuka bure. Haya mambo ya nyumba ni ya shule za bweni za Waingereza, tukarithi na uhasama wake. Makerere kuna holi likiitwa Northcote, vijana wake walivyojifanya jeshi mpaka likabadilishwa jina likawa Nsibirwa. Fujo za maholi pale zimesumbua utawala miaka nenda rudi. Futeni yote, siyo pointi tu.

Mtoa mada:
Nyumba ni za Mwingereza sawa, ila kushindana pande mbili nani alitufundisha? Nenda Makunduchi, Zanzibar, siku ya Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wa kusini na wa kaskazini wanachapana migomba hadharani, kila mtu anatoa lililomkaa moyoni mwaka mzima, kisha watu wanakula pamoja. Hata Simba na Yanga mnaoana bwana. La Makerere nalichukua kama onyo, lakini pale holi ndo kwako, unalala humo, miaka yote mitatu wewe ni mtu wa Lumumba au wa Mitchell. Kwetu ni kura, mi bluu roommate wangu nyekundu, tukitoka uwanjani tunachangia sufuria moja la wali, uhasama unakosa hata pa kulala.

Mchangiaji wa 3:
Naunga mkono ila niongeze. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, akawagawa makundi mawili akawashindanisha besiboli na kuvuta kamba. Siku chache tu wakachomeana bendera. Kuwakutanisha sinema na chakula hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowalainisha ni maji kukatika kambini ikabidi wote watafute tatizo, halafu lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ileile waliyokuwa wanavutana nayo. Kwa hiyo wekeni kazi moja ya nyumba zote nne, haina mshindi.

Mtoa mada:
Duh, hiyo ya kamba ileile sikuwa naijua. Umenikumbusha maji yalivyokatika mabwenini siku tatu, tukapanga mstari wa ndoo kutoka kwenye tenki la jikoni mpaka ghorofa ya tatu, Lori wa kijani kasimama kwenye ngazi anapokea anapandisha, yule dada wa njano yuko chini anaita "haya". Hakuna aliyepita na karatasi ya kusaini siku ile. Nakubali kazi ya pamoja iwepo, isipewe pointi hata moja, ikipewa tu mkono wa kushoto unarudi kazini.

Mchangiaji wa 1:
Sawa, la daftari nimekuelewa, nitalipeleka kwenye kikao. Sasa na wewe sema ukweli, bluu mlimaliza nafasi ya ngapi?

Mtoa mada:
Ya tatu kwa jumla mlezi. Kwenye uadilifu tuliongoza.