Barua pepe zimefutwa kwenye kishikwambi, zimepotea na kwenye laptopu. Zinaweza kurudi?

Sura_ya_Nne aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, na mwenye jibu la haraka alitoe hata kwa ufupi, maelezo yatafuata.

Natumia akaunti ya barua pepe ya chuo. Imeunganishwa kwenye simu, kwenye laptopu (humo natumia Thunderbird, programu ya kusomea barua) na kwenye kishikwambi ambacho kilikuwa kimekaa tu. Juzi mpwa wangu alipewa hicho kishikwambi achezee, kikamwambia nafasi imejaa. Akaingia kwenye barua, akafungua folda ya msimamizi wangu, akachagua zote, akafuta. Kikaendelea kulalamika, basi akaenda kwenye folda ya vilivyofutwa akaimwaga nayo. Ni mtoto, aliona anasaidia kusafisha, simlaumu.

Jana usiku nimewasha laptopu: folda ipo, ndani hamna kitu. Simu nayo vilevile. Mle mlikuwa na maoni yote ya msimamizi kuhusu sura ya tatu na ya nne za tasnifu yangu. Viambatisho si tatizo, vingi ninavyo. Yeye ana mtindo wa kuandika hoja zake ndani ya barua yenyewe, aya kwa aya, ukurasa kwa ukurasa: hapa umedai lakini hujathibitisha, hapa rudi kwenye data. Hayo ndiyo yaliyokuwa yananiongoza.

Kwanza, kwa nini kufuta kwenye kishikwambi kuguse laptopu? Pili, zinarudi au niziage tu?

Kipanya77 alijibu:

Pole sana dada. Kuna programu za kurejesha vitu vilivyofutwa, ziko nyingi tu mtandaoni. Unaunganisha kishikwambi na kompyuta, inachambua, inakuletea orodha. Mimi iliniokolea picha zote za simu ya zamani.

Mtunza_Seva alijibu:

Dada, kabla hujasoma aya ya pili: zima waifai kwenye laptopu, na Thunderbird usiifungue kwanza. Nitaeleza sababu huko chini.

Hiyo programu aliyoisema mkuu hapo juu iache. Picha zinakaa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, ndiyo maana zake zilipatikana. Barua za akaunti kama yako makazi yake ni seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Tena programu zinazokuomba nenosiri la barua pepe ili "zikurejeshee" zikwepe kabisa. Utakuwa umepoteza barua na akaunti pamoja.

Swali lako la kwanza. Thunderbird kwa kawaida inaongea na seva kwa IMAP, yaani utaratibu wa kusoma barua zikiwa kwenye seva. Mark Crispin aliibuni pale Stanford mwaka 1986, na wazo lake lilikuwa barua zibaki kwenye seva, na mtu azifikie kutoka kompyuta yoyote. Kwa hiyo unachokiona kwenye laptopu ni dirisha. Chumba ni kimoja, na aliyetoa vitu chumbani amevitoa kwa madirisha yote. Watu wengi wanaamini kwamba kuwa na barua kwenye vifaa vitatu ni kuwa na nakala tatu. Sivyo, na naumia kila ninapoona mtu anakuja kuligundua hilo siku ya msiba kama huu. Usawazishaji unabeba kila kitu kwa uaminifu uleule, hata kufuta.

Swali la pili: ndiyo, kuna nafasi nzuri sana, lakini kuna saa inayohesabu.

Hukusema chuo kinatumia huduma gani. Kama ni ya Microsoft (ukiingia kwa kivinjari unaona Outlook), barua ikishatolewa kwenye folda ya vilivyofutwa haipotei papo hapo. Inahamia sehemu iliyofichwa ambayo seva inaitunza kwa siku 14, huo ndio mpangilio wa kawaida, na msimamizi wa mfumo anaweza kuurefusha hadi siku 30. Siku zinahesabiwa tangu barua ilipotoka kwenye folda ya vilivyofutwa, kwa hiyo hata barua ya miaka miwili nyuma ina siku zake zote.

Na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure: sehemu hiyo haionekani kwa IMAP. Ungeitafuta kwenye Thunderbird mpaka asubuhi usiione. Kwenye programu ya simu unaweza usiione pia. Ingia kwa kivinjari, kwenye kompyuta nyingine kama ipo, kwenye ukurasa wa barua wa chuo. Fungua folda ya vilivyofutwa, hata kama ni tupu. Juu ya orodha utakuta kiungo cha kurejesha vipengee vilivyofutwa kutoka kwenye folda hiyo. Kibonyeze, subiri, orodha inaweza kuchelewa kujaa. Chagua barua za msimamizi wako, bonyeza kurejesha. Tafadhali kuwa makini: kwenye ukurasa huohuo kuna amri ya kufuta pia, na ukiigusa hiyo wewe mwenyewe huna tena njia ya kuirudisha. Rejesha kidogo kidogo, hakikisha zimefika, ndipo uendelee. Kawaida zinarudi kwenye folda zilikotoka. Kama folda haipo tena, zinaingia kwenye kikasha.

Kama chuo kinatumia Gmail, Tupio linatunza barua siku 30. Tupio likishamwagwa, wewe huwezi kitu, lakini msimamizi wa mfumo wa chuo anaweza kurejesha ndani ya siku 25 tangu barua zilipotoka Tupio. Mwandikie leo, usingoje Jumatatu. Mtajie tarehe na saa za ufutaji kwa kadiri unavyokumbuka, maana yeye anarejesha kwa kipindi, hachagui barua moja moja. Na kabla hujamwandikia, tafuta kwa amri hii: in:anywhere ikifuatiwa na anwani ya msimamizi wako. Utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii kwenye Tupio wala Taka. Halafu Gmail ina tabia yake: programu ya IMAP ikifuta barua moja kwa moja bila kuipeleka Tupio, mpangilio wa mwanzo ni kuihifadhi kwenye kumbukumbu tu. Yaani imetoka kwenye folda lakini iko kwenye Barua Zote. Nimeona watu wakilia na barua zao ziko palepale.

Sasa kuhusu laptopu. Thunderbird, isipokuwa umeizuia, inaweka nakala ya barua kwenye diski ili usome bila mtandao. Kila folda ni faili moja la maandishi. Seva ikisema barua imefutwa, Thunderbird inaacha kuionyesha, lakini maandishi yenyewe hubaki ndani ya faili mpaka folda ibanwe, yaani yaliyofutwa yaondolewe kweli ili kuokoa nafasi. Thunderbird inaweza kubana yenyewe ikiona nafasi ya kutosha itaokolewa, ndiyo maana nimesema usiifungue. Nenda kwenye folda ya wasifu wa Thunderbird (profile, inakotunza vitu vyako), humo kuna folda inaitwa ImapMail. Tafuta faili lenye jina la folda yako lisilo na kiambishi (lile la .msf ni faharasa tu, liache), ulinakili kwenye flashi. Hiyo ndiyo akiba yako kama njia ya seva itashindikana.

BintiMaktaba alijibu:

Naongeza dogo. Barua zile ziliandikwa na mtu, na mtu huyo ana folda ya zilizotumwa. Msimamizi wako hahitaji kuandika chochote upya, mwombe tu azitume tena. Na wewe mwenyewe fungua zako zilizotumwa: kila ulipomjibu, maandishi yake huenda yamebaki chini ya jibu lako. Mpwa hakugusa huko.

Sura_ya_Nne alijibu:

Wakuu, sijui niseme nini. Ni Outlook. Nimeingia kwa kompyuta ya rafiki, folda ya vilivyofutwa tupu kabisa, lakini kile kiungo kipo juu, kwa maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyatilia maanani. Orodha imekuja imechanganyika na matangazo ya chuo na taka za miezi. Nimezitafuta za msimamizi kwa macho, nimerejesha kwa mafungu kama ulivyosema, na zimerudi kwenye folda yake. Maoni ya sura ya nne yapo yote. Ya sura ya tatu kuna barua chache za mwanzo sizioni.

BintiMaktaba, Mungu akubariki. Mbili kati ya hizo nimezikuta chini ya majibu yangu mwenyewe, na kurasa zake zimetajwa vilevile.

Mtunza_Seva, lile faili nimelinakili, linaonekana kubwa. Nalifunguaje nitafute zilizobaki? Na jingine: nataka kuondoa akaunti kwenye kishikwambi, lakini naogopa nikiiondoa nitafuta tena kila kitu.

Mtunza_Seva alijibu:

Nimefurahi mno, dada.

Faili lifungue kwa programu yoyote ya maandishi, lakini fungua nakala ya nakala, lile la kwanza lisiguswe. Tafuta anwani ya msimamizi au maneno unayoyakumbuka. Utayasoma hapohapo, ingawa barua nyingine zitaonekana kama herufi zilizovurugika kwa sababu ya usimbaji. Kwa hizo, bado ukiwa umezima waifai, weka nakala hiyo kwenye folda ileile ya wasifu, ndani ya Mail, kwenye Local Folders, huku Thunderbird imefungwa, kisha uifungue. Itaisoma kama folda ya kawaida isiyounganishwa na seva. Ikiwa barua haijitokezi, fungua faili hilo kwa programu ya maandishi, uangalie mstari wa X-Mozilla-Status juu ya barua hiyo. Ukikuta 0009 au 0008, imetiwa alama ya kufutwa. Funga Thunderbird, andika 0001 mahali pake, futa faili la .msf la folda hiyo pekee, fungua tena. Ukishazipata, ziache humo kwenye Local Folders. Huko usawazishaji haufiki.

Kishikwambi: ondoa akaunti bila wasiwasi. Kuondoa akaunti kwenye mipangilio kunafuta nakala za kifaa hicho tu, amri ya kufuta haiendi kwenye seva. Kinachofika kwenye seva ni kufuta barua akaunti ikiwa bado imeunganishwa. Kwa hiyo usianze kwa kusafisha kikasha, anza kwa kuondoa akaunti.