Ziara ya Ukoo Kwenda Kilwa: Coaster ya Pamoja au Kila Mtu na Basi Lake

Mimi
Asalaam alaikum. Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwa rika langu. Kama tulivyozungumza siku ya Idi, naleta suala la ziara ya Kilwa ya likizo ya Juni ili tuliamue kabla hatujaanza kuchanga. Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kampuni ya utalii ya hapa Mtwara, ambayo inatoa Coaster, muongozaji, malazi na chakula kwa siku tatu kwa bei moja kwa kila mtu, na ratiba yake nimeshaituma hapa kwenye kundi letu la simu. Ya pili ni kila familia kupanda basi la kawaida, kushuka inapopenda, kulala inapopenda, kisha wote tukakutana Kilwa Masoko. Naomba maoni.

Baba Mdogo Masasi
Waalaikum salaam, marahaba mwanangu. Nimeisoma hiyo ratiba na imenichosha hata kabla sijapanda gari. Mikindani wameipa dakika 40, mji ambao Livingstone aliufikia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, na ambao una boma la Wajerumani la mwaka 1895. Katika dakika hizo mtoe za kupiga picha na za kumsubiri aliyekwenda kununua pweza, mtaona kinachobaki. Halafu kuna jambo ambalo kampuni haikulifikiria kabisa: mimi niko Masasi. Nikitaka kuipanda Coaster yao itanibidi nipite Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, Masasi na Mtwara, kwenda Mtwara, nilale, kesho yake nirudishwe Mnazi Mmoja ile ile kwa fedha yangu. Mimi napigia kura basi.

Binamu Cape Town
Shikamoo baba mdogo. Naunga mkono. Huku Cape Town kuna mabasi mekundu ya ghorofa, yaliyo wazi juu, yanayozunguka mji kutwa. Unakata tiketi ya siku moja, unashuka kwenye kituo cha chini cha kebo ya Table Mountain, unakaa utakavyo, kisha unapanda basi jingine kwa tiketi ile ile, na ndani unavaa visikilizio vinavyokueleza unachokiona kwa lugha uliyoichagua. Hakuna mtu wa kukupigia filimbi kwamba muda umekwisha. Sioni kwa nini na sisi tusisafiri hivyo kutoka Mtwara mpaka Kilwa.

Dada Lindi
Mdogo wangu, mfumo huo unawezekana kwa sababu mabasi yanafuatana na tiketi inahesabu siku. Huku kwetu tiketi inahesabu safari: ukishuka Mikindani umemalizana na konda, na gari linalofuata utalipa upya. Hilo la nauli si kubwa, maana viwango vya juu vinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kilomita na ukikata vipande vipande hutapishana sana na aliyekwenda moja kwa moja. Kubwa ni kiti. Mabasi ya kwenda Dar huondoka Mtwara alfajiri yakiwa yamejaa. Atakayeshuka Lindi saa tatu asubuhi kwa nia ya kuendelea Kilwa saa nane mchana atasimama barabarani na begi lake, akipunga mkono kwa magari ambayo hayana nafasi, hadi mpiga debe amwonee huruma na kumketisha juu ya injini. Kati ya Mtwara na Lindi hakuna tatizo, magari madogo yapo kutwa nzima. Kutoka Lindi kwenda kaskazini ndipo hesabu inapobadilika.

Binamu Cape Town
Kwa hiyo uhuru unaishia Lindi.

Dada Lindi
Unaishia Lindi, kisha unaanza tena Nangurukuru, kwa sababu kutoka hapo kwenda Kilwa Masoko ni kama kilomita 30 na magari madogo yapo, na ukitaka kuchepuka Kivinje utapata hata bodaboda.

Kaka Dar
Shikamooni wazee. Sisi wa Dar ndio tuliosahauliwa zaidi katika hiyo ratiba. Nangurukuru tunaifikia kabla ya Lindi na kabla ya Mtwara, kwa hiyo ziara inayoanzia Mtwara inatutaka tuipite Kilwa, twende kusini zaidi ya kilomita mia mbili, tupande Coaster, turudi Kilwa. Sisi wanne tutakuja kwa basi na kushuka Nangurukuru, hilo tumeshaamua, na tutapanda la asubuhi. Najua tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023 watu wengi wanayapenda, lakini la usiku litatushusha Nangurukuru usiku wa manane na watoto mgongoni. Ombi langu ni kwamba tarehe isisogezwe nyuma. Mei ya mwaka 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika eneo la Somanga na abiria wakakwama pande zote mbili. Juni mvua zinakuwa zimetulia.

Baba Mdogo Masasi
Ninyi mnalalamikia Somanga. Sisi tulikuwa tunalala Ndundu tukisubiri pantoni ya Mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Endeleeni.

Mama
Mimi nazungumzia jambo moja tu, nalo ni Bibi. Mnasema basi lina uhuru, lakini uhuru huo ni wa mwenye magoti mazima. Ndani ya basi, kuchimba dawa ni pale dereva anapotaka, kwenye kichaka anachokitaka yeye, na abiria sitini wanakutazama ukipanda ngazi ile ya juu kwa kushikwa mikono. Coaster iliyokodiwa inasimama Bibi anaposema isimame. Atakula dawa zake za saa sita kwa chakula cha moto, atanyoosha miguu, na hakuna atakayepiga honi. Shemeji yangu, wewe unaiona ratiba ya dakika 40 kuwa ni kifungo, nami naiona kuwa ni mapumziko yenye uhakika.

Shangazi Newala
Wifi yangu umesema kweli, ila na mimi niseme nililolishuhudia. Kikundi chetu cha kikoba kilikwenda ziara ya kulipia kila kitu kwa pamoja, na kampuni siitaji. Tulilipa yote kabla, risiti ikaandikwa “huduma zote” bila kutaja hata moja. Tulipofika Kilwa Masoko, muongozaji alikuwa hajashughulikia kibali cha kuingia kwenye magofu wala hajaongea na mwenye boti. Tukakaa chini ya mwembe hadi adhuhuri tukila karanga, na saa tulizopoteza hapo zilikatwa kwenye magofu, siyo kwenye karanga. Kwa hiyo atakayesaini na kampuni asome karatasi. Iandikwe kibali kinalipwa na nani, boti ya watu wangapi, maboya ya kuvaa mangapi, na tukiahirisha tunarudishiwa kiasi gani.

Dada Lindi
Shangazi umenikumbusha kilicho muhimu kuliko gari. Huko Kilwa kwenyewe, ndipo kwenda kila mtu kivyake kunapotuumiza. Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, hakuna daladala. Kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, boti inakodiwa nzima, na mtu wa kueleza historia analipwa vilevile awe na wageni wawili au kumi na wanane. Tukienda mafungu mafungu tutalipa mara tano. Halafu bila mtu anayejua, mtaona kuta tu. Msikiti Mkuu ule, wenye kuba na nguzo zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una sehemu za enzi mbalimbali, na mwenye kuzijua atakuonyesha mshono kati ya ujenzi wa zamani na ule uliopanuliwa baadaye. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika hapo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Kutoka msikitini hadi Husuni Kubwa si pua na mdomo, kwa hiyo Bibi apelekwe kwa boti hadi ufuo ulio karibu, jambo ambalo linapangwa na nahodha mapema.

Kaka Dar
Na magofu ya kisiwa cha Songo Mnara? Hiyo na Kilwa Kisiwani ziliingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, ingekuwa aibu kuona moja.

Dada Lindi
Songo Mnara ni safari ndefu zaidi ya bahari, na Juni kusi inavuma. Pia maji yakipwa mnashuka mbali na kutembea kwenye tope la mikoko. Wenye miguu waende siku ya pili, saa za kuondoka zifuate maji, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyoniudhi kwenye ratiba ya kampuni: wameandika saa 3:00 asubuhi kila siku, kana kwamba bahari inafuata saa ya ukutani. Bibi na watoto wabaki Masoko na samaki wao.

Mimi
Nimewasikia wote, na napendekeza tusichukue kifurushi kizima wala tusitawanyike. Barabarani kila kundi lifuate njia inayolifaa: Kaka na familia yake kwa basi hadi Nangurukuru, Baba Mdogo kwa gari la Masasi hadi Lindi, alale kwa Dada. Sisi wa Mtwara pamoja na Shangazi tukodi Coaster yenyewe bila ya kampuni, tuondoke asubuhi, tuipe Mikindani saa mbili nzima, tumchukue Baba Mdogo na Dada Lindi, na Bibi akae kiti cha mbele. Kuanzia Masoko tuwe msafara mmoja, wenye muongozaji mmoja wa pale pale Kilwa, kibali kimoja na boti zilizolipiwa kwa mchango mmoja. Gharama ya Coaster wabebe watakaoipanda, na gharama za Kilwa tugawane wote.

Baba Mdogo Masasi
Hapo nakubali, kwa sharti kwamba nikitaka kubaki Kivinje siku moja baada ya ninyi kuondoka, kutazama nyumba za zamani na lile boma, nisisubiriwe wala nisipigiwe simu. Nitarudi kwa basi langu.

Mama
Ukae hata wiki, shemeji. Ilimradi mchango wako wa boti uwe umetangulia.

Shangazi Newala
Mwenye Coaster apewe nusu kwanza na nusu tukirudi, na tairi ya akiba ikaguliwe kwa macho, siyo kwa maneno. Dada Lindi atafute nahodha na aulize kuhusu maboya ya watoto.

Dada Lindi
Nitampigia kesho baada ya vipindi. Nipeni idadi kamili ya watoto na umri wao, na Kaka aniambie kama watoto wake wanatapika kwenye boti.

Kaka Dar
Wawili hawana shida. Wa tatu hutapika hata kwenye bajaji, kwa hiyo huyo mhesabuni upande wa Bibi.