P08 ya 1917 na mkoba wake wa ngozi, Mwanza: hadithi ya muuzaji inasimama?

Rupia_na_Heller

Wakuu, habari za jioni. Nakusanya vitu vya enzi za Mjerumani: heller, rupia, vifungo vya sare, nyaraka zenye mihuri ya boma. Silaha sijawahi kugusa. Kuna mzee upande wa Igoma anauza mkoba wa ngozi wa bastola, na bastola yenyewe, P08 ya Kijerumani (Luger), imo ndani. Kwenye picha naona mwaka 1917 juu ya chemba (pale risasi inapokaa), na herufi DWM zilizosukwa pamoja juu ya kile kiungo kinachokunjwa. Namba kuu ina tarakimu nne na herufi ndogo chini yake, na inaishia na 47. Vipande vidogo karibu vyote vina 47, isipokuwa kimoja chenye 82. Rangi ni nyeusi tupu, mpaka kifyatulio. Mkoba ni wa kahawia, una mfuko wa magazini ya akiba, muhuri wa ndani ya kifuniko umefifia, na kwenye ribiti kuna uchafu wa kijani kama nta. Magazini ya akiba haipo.

Mzee anasema babu yake alikuwa askari wa Mjerumani boma la Mwanza, akabaki nayo. Je, ni halisi? Na mkoba nikiuchukua nautunzaje kwa unyevu wetu huu wa ziwani?

---

Karani_wa_Boma

Kabla ya uhalisi, mkuu, tuanze na leseni. P08 inatumia risasi ya 9 mm Parabellum, na risasi hiyo inatengenezwa mpaka leo. Kwa hiyo usiichukulie kama pambo la kale, hiyo ni silaha kamili. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa nayo bila leseni ni kosa la jinai, wewe na yeye pia. Usiinunue, usiibebe kwenye daladala "kumwonyesha fundi", usilale nayo hata usiku mmoja. Mzee aende kituo cha polisi, aeleze kwamba amerithi silaha, apewe maelekezo ya kuisalimisha. Aende kwanza bila kuibeba, wao waje kuichukua. Mkoba mtupu hauna shida hiyo.

La pili ni usalama wa mwili. Kutoa magazini hakuifanyi iwe tupu, maana risasi moja inaweza kuwa bado chembani. Ukiiona kwa picha, tazama kile kipande kirefu chembamba juu ya bolti. Chemba ikiwa na risasi, kipande hicho huinuka na ubavuni mwake husomeka GELADEN, yaani "imejazwa". Kikiwa kimelala usijipe amani kabisa, springi ya miaka mia moja inaweza kuwa imekwama kwa kutu. Tena ubavu wa kushoto wa P08 una mtaimbo mdogo ulio wazi, ambao ukisukumwa unaachia pini ya kulipua risasi hata kama kifyatulio hakijaguswa. Watu wameumia wakati wa kufungua tu. Mwambie mzee asiifungue wala asiipake kitu.

---

Tarakimu_Mbili

Hapo kwenye leseni sina la kuongeza. Nijibu la uhalisi.

Chuma chenyewe kinaelekea kuwa cha kweli. DWM ni kiwanda cha Berlin kilichotengeneza bastola hizi kwa jeshi tangu zilipopokelewa mwaka 1908. Namba ya tarakimu nne na herufi ndiyo mtindo wa jeshi: namba zilianza upya kila mwaka, zikifika mwisho inaongezwa herufi. Ndiyo maana bastola mbili zinaweza kuwa na namba ileile, kinachozitenganisha ni mwaka na herufi. Tarakimu mbili za mwisho hugongwa kwenye vipande vidogo, kwa hiyo hilo 82 limetoka kwenye bastola nyingine. Kwa mkusanyaji, kipande kimoja kisicholingana kinashusha thamani vibaya, na hakuna dawa yake. Ukikutana na namba "iliyorekebishwa", angalia kingo za tarakimu kwa kioo cha kukuzia.

Lakini hiyo rangi nyeusi mpaka kwenye kifyatulio imenishtua. Bastola za Vita vya Kwanza zilikuwa na mwili wa bluu-nyeusi, ila kifyatulio, wenzo wa usalama, kitufe cha magazini na wenzo wa kufungulia vilikuwa na rangi ya nyasi kavu, inayotokana na kupashwa moto. Weusi kote ni wa kiwanda cha Mauser kuanzia 1937. Ya 1917 ikiwa nyeusi kote, basi imepakwa rangi upya.

Sasa hadithi ya babu, na hapa ndipo inapokatika. Waingereza waliichukua Mwanza Julai 1916. Bastola iliyogongwa 1917 ilikuwa bado haijazaliwa Wajerumani wakiondoka. Tena baada ya vita kuanza, bahari ilifungwa. Meli mbili tu za mizigo ndizo zilizopenya: Rubens, Aprili 1915, ikafika ghuba ya Manza karibu na Tanga, na Marie, Machi 1916, ikafika Sudi kule Lindi. Novemba 1917 walijaribu hata kutuma zepelini (puto kubwa lenye injini), L 59, ikageuzwa ikiwa juu ya Sudani. Kwa hiyo silaha ya 1917 haikuwa na njia ya kumfikia Mjerumani wa huku. Imeingia baadaye, kwa mlowezi au kwa askari aliyerudi kutoka Vita vya Pili. Tazama pia kama juu ya chemba kuna 1920 pamoja na 1917. Miaka miwili ikikaa pamoja ni alama ya bastola iliyobaki Ujerumani na kutumiwa na jeshi dogo lililoruhusiwa baada ya vita.

Na askari wa kawaida hakupewa bastola. Alibeba bunduki, wengi ile Jägerbüchse ya 71, risasi moja moja, baruti ya moshi. Bastola ilikuwa ya maofisa na masajini wa Kizungu. Kitu ambacho kweli kingeweza kubaki Mwanza au Bukoba ni rivolva ya jeshi, M1879 au M1883: milimita 10.6, matundu sita, nyundo inavutwa kwa kidole kila risasi, na maganda yanasukumwa nje moja moja kwa kijiti. Nzito na mbaya kwa sura. Wauzaji hawaisifu kwa sababu haifanani na ya kwenye filamu, lakini kwa historia ya ziwa hili naipa uzito zaidi.

---

Uzi_na_Nta

Nachukua upande wa mkoba, maana ndio utakaouweka ndani.

Mkoba wa P08 wa wakati ule unatakiwa uwe na kifuniko kikubwa chenye mkanda na bizimu, mfuko wa magazini ya akiba ukingo wa mbele, vitanzi viwili vya mkanda nyuma, ugwe wa kuvutia bastola juu, na kimfuko ndani ya kifuniko cha kile kifaa kidogo cha bisibisi na kujazia magazini. Muhuri wa ndani huwa na jina la fundi, mji na mwaka. Uumulike kwa tochi kutoka ubavuni, chumba kikiwa giza, usomeke kwa kivuli. Usipake unga wala chaki. Ukikuta P.08 nyuma ya mkoba pamoja na tai mdogo, huo ni wa Vita vya Pili, hauhusiani na 1917.

Uzi ndio unaofichua mikoba ya juzi. Tumia ile tochi ya urujuani ya kukagulia noti dukani: uzi wa kisasa mara nyingi unang'aa buluu-nyeupe, wa zamani unabaki mfu. Ukiona nyuzi iliyochomoza, kata milimita mbili, iguse na moto mbali na mkoba. Ya nailoni inajikunja kuwa shanga ngumu, ya kitani inabaki jivu. Ila mkoba wa kweli unaweza kuwa umeshonwa upya, kwa hiyo uzi pekee usiuhukumu.

Uchafu wa kijani ni mafuta ya ngozi yakiungana na shaba. Utoe kwa kijiti cha meno cha mbao, malizia kwa pamba iliyoguswa spiriti kidogo, ribiti tu, ngozi isilowe.

---

Sangara_Mkavu

Mafuta ya nazi kidogo yatalainisha ngozi, mbona mnazunguka?

---

Uzi_na_Nta

Yatalainisha miezi miwili, ndugu, halafu yanachacha, yanalisha ukungu, na ule ukijani unarudi maradufu. Dawa ya viatu ndiyo mbaya zaidi, inaziba muhuri moja kwa moja. Ngozi ikiwa kavu lakini nzima, iache. Ikiwa inaacha unga mwekundu mkononi, imeanza kuoza. Hapo tumia Klucel G (unga wa selulosi wa kuimarisha ngozi) asilimia 1 hadi 2 kwenye spiriti, tabaka jembamba kwa brashi laini, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana.

Unyevu: ukungu huanza ukipita asilimia 65, na masika kwetu unapita. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, lenga 45 hadi 55. Jaza mkoba kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kung'arisha, usikunje kifuniko. Boksi la kadibodi nene, si mfuko wa nailoni. Silika jeli gramu 100 kwa boksi la lita 10, uikaushe upya inapobadilika rangi. Mchele haufai, utapata fukusi. Wadudu wa ngozi wakiingia, funga mkoba kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, kisha uache siku nzima nje kabla ya kufungua, la sivyo mkoba utaota jasho.

Na chuma chochote kisikae ndani ya ngozi. Ndiyo maana bastola nyingi zilizokaa mikobani zina kutu ya madoa ubavu mmoja.

---

Rupia_na_Heller

Nimeelewa. Mzee amekubali kwenda kituoni kesho, nitamsindikiza, bastola inabaki alipo. Muhuri kwa tochi ya ubavuni umesomeka: BERLIN, na mwaka 1915. Uzi haung'ai.

---

Tarakimu_Mbili

Basi mkoba umeitangulia bastola kwa miaka miwili. Jina la fundi juu ya BERLIN halionekani? Piga picha nyingine taa ikiwa upande wa pili.