Mbwa ambaye kinga yake imegeuka inamshambulia mwenyewe: nani katumia dawa mbadala? Tupeane uzoefu

MamaBruno
Wakuu habari zenu. Jana nimeona mtu kaweka picha ya mbwa wake, macho ya njano, fizi nyeupe pee, na watu chini wanamwambia mpe maji ya mlonge atakaa sawa. Mwili ulinisisimka aisee, maana kwa Bruno wangu ilianza hivyo hivyo. Sisi wafugaji tunajua kupe, tunajua minyoo, tunajua kichaa, ila hili la kinga ya mbwa kugeuka na kuanza kula damu yake yenyewe hatuambiwi mpaka likukute.

Bruno ni shepadi chotara. Alianza kukataa ugali, mara akipanda ngazi za barazani anakaa chini anahema, halafu asubuhi kijana wa kazi akaniita mama njoo uone mkojo wa Bruno, nikakuta rangi ya chai kavu. Dokta akatoa damu, akaweka tone kwenye kioo akaongeza na tone la maji ya chumvi, akaniita nione kwa macho yangu: chembe zinashikana vibonge vibonge hazitawanyiki. Wingi wa damu, yaani asilimia ya chembe nyekundu, 14, wakati mbwa mzima anatakiwa awe kati ya 37 na 55. Akaanzishiwa prednisoloni, predi kwa kifupi, dawa ya kutuliza kinga, na kweli ilimrudisha, siwezi kuisema vibaya. Shida kila tukipunguza dozi damu inashuka tena, na huku mbwa amekuwa tumbo tu, misuli ya mapaja imeisha, anakunywa maji ya ndoo, anakojoa mpaka sebuleni, njaa mpaka anakula maganda ya ndizi. Ndo dokta akasema tuongeze azathioprini, hii hii ya binadamu waliobadilishiwa figo, ili predi ipate nafasi ya kushuka.

Sasa nataka tupeane uzoefu. Nani alitoka kwenye predi akaenda kwenye kitu kingine, iwe cha famasi iwe cha miti, na nini kilitokea? Semeni ukweli, maana kuna mtu mbwa wake yuko kwenye hali hiyo leo na anasoma hapa.

KiboSide
Hapo kwenye maji na mkojo umenikumbusha mbali sana dada. Predi hiyo hiyo.

Mkulima wa Ruiru
Kwangu haikuwa damu, ilikuwa pua. Jamani shepadi wangu pua ilianza kupoteza ile rangi nyeusi, ikawa kijivu, baadaye pinki, ile ngozi yenye vikokoto ikawa laini kabisa na ikianza kupasuka inatoa damu. Jua likiwaka sana inazidi. Nilizungushwa kweli kweli, huyu anasema fangasi, huyu anasema amejikwaruza kwa geti, nikauziwa mafuta kwa agrovet karibu kila wiki. Daktari mwingine akakata kipande kidogo cha pua akapeleka maabara, ikarudi ni lupasi ya ngozi, yaani kinga inashambulia ngozi yake mwenyewe.

Sasa sikiza, huyu daktari hakukimbilia predi. Alinipea doksisaiklini, ile antibiotiki, pamoja na niasinamaidi, ile vitamini B3, na akanionya niasinamaidi si niasini ya kawaida, nisome karatasi vizuri kabla ya kulipa. Akanipea pia mafuta ya takrolimasi, ya kutuliza kinga kwa ngozi, ya kupaka puani, akasema nipake kabla tu ya kumpea chakula ndio asilambe kwa sababu mdomo uko na kazi nyingine. Na mbwa akae kivulini kuanzia saa nne mpaka jioni. Alisema wazi nisitarajie kitu kabla ya miezi miwili, na ni kweli, ilikaa kama haifanyi kazi mpaka nikaanza kuchoka halafu weusi ukaanza kurudi pembeni pembeni. Kwa hivyo si kila mbwa wa ugonjwa wa kinga lazima anyweshwe predi ya nguvu, inategemea umeshika wapi.

Mzee Majani
Mnasumbuka bure na makemikali. Babu zetu walifuga mbwa wa kuwindia na hakuna aliyejua azathio nini sijui. Chukua vitunguu swaumu punje kadhaa ponda, changanya na majani ya mlonge na mwarobaini kidogo, mpe kwenye uji asubuhi na jioni. Inasafisha damu, inafukuza kupe na inaongeza kinga. Mimi mbwa wangu wote wanatumia na wako fiti.

VetMtarajiwa
Mzee Majani shikamoo, lakini hapa naomba nikukatalie kwa nguvu zote. Kitunguu swaumu na kitunguu maji kwa mbwa vinaharibu chembe nyekundu za damu. Yaani mbwa ambaye tayari damu yake inavunjwa na kinga, wewe unamwongezea kitu kingine cha kuivunja. Mbwa mzima akila punje moja unaweza usione kitu, huyu mwenye damu ya 14 unammalizia.

La pili hilo la kuongeza kinga. Hawa mbwa kinga yao haijapungua, imewaka kupita kiasi na inapiga mahali sipo. Kila dawa inayotajwa hapa, predi, azathioprini, siklosporini, mikofenoleti, kazi yake ni kuituliza hiyo kinga. Ukimpa cha kuipandisha unavuta kamba upande wa pili.

Mzee Majani
Marahaba. Vijana mkisoma kidogo mnadharau miti. Hizo dawa zenu nyingi zimetoka kwenye miti hiyo hiyo.

VetMtarajiwa
Sidharau miti mzee wangu. Vinkristini, inayotumika mbwa akiishiwa chembe za kugandisha damu, imetokana na lile ua la vinka ambalo watu wamelipanda uani. Ila hakuna anayechuma ua akamtafunisha mbwa, likiliwa hivi hivi ni sumu. Imesafishwa, imepimwa, inachomwa kwenye mshipa na daktari. Nachopinga ni swaumu kwa mbwa mwenye upungufu wa damu, na nitaipinga kila ikitajwa.

Pwani Raha
Mzee Majani kwenye mwarobaini mimi nipo na wewe, wa kuogeshea lkn, sio wa kunywesha

Mlalahoi wa Manzese
Samahanini wakuu, kuna watoto hospitali wanakosa dawa ya homa na nyie mnanunulia mbwa dawa za watu waliobadilishiwa figo? Hii nchi ina maajabu.

KiboSide
Usianze. Pesa yake, mbwa wake.

MamaBruno
Mlalahoi, nimekusoma na sijakasirika. Bruno ndo aliyebweka usiku waliporuka ukuta kwangu, nikiwa peke yangu na wanangu. Nikimwacha afe nimekaa namwangalia sitamwokoa mtoto yeyote hospitali. Tuendelee na mada tafadhali.

Dada wa Njiro
Jamani sikupanga kuandika, ila hii mada imenifungua kitu. Wangu anaitwa Pili, koka (cocker spaniel) chotara, na dokta aliniambia koka ni katika mbwa wanaopata sana hili tatizo la damu. Tulikuwa tayari kwenye predi, siku za mwanzo mwanzo, tukajua tumeshavuka. Usiku akaanguka jikoni. Hakulia wala nini, alilala tu ubavu, ulimi mweupe kama karatasi, moyo unadunda mpaka unaona mbavu zinaruka. Nikampigia dokta, akasema mlete sasa hivi na njoo na mbwa mwingine mkubwa, mzima, mpole. Mbwa mwingine namtoa wapi saa saba usiku?

Nikakumbuka mlinzi wa jirani ana mbwa, Chuma, jibwa kweli kweli. Nikaenda kugonga geti na khanga na ndala. Mlinzi akadhani wezi! Nikamweleza nataka damu ya mbwa wako, akanitazama, akaniuliza damu ya kufanyia nini dada? Hapo nikaanza kulia. Yule baba hakuuliza tena, akamfunga Chuma kamba akaingia naye kwenye gari siti ya nyuma, lindo akamwachia mwenzake.

Kufika, umeme hakuna. Dokta anafanya kazi kwa taa za simu, mimi nimeshika moja mlinzi kashika nyingine huku anamwimbia Chuma sikioni. Akampima Chuma uzito, akahakikisha amezidi kilo 25, akaangalia fizi, akapima damu haraka, akamnyoa shingoni akatoa kwenye mshipa wa shingo kuingiza kwenye mfuko ule ule wa damu wa binadamu. Nikauliza kundi la damu je, akasema kwa mbwa ambaye hajawahi kuongezewa mara ya kwanza mara nyingi inapokelewa, ya pili ndo lazima kulinganisha. Ikaanza kuingia kwa Pili tone tone, dokta kakaa na saa anamhesabia pumzi, anamwangalia kama atavimba uso. Kulipokucha Pili akainua kichwa akamtazama Chuma. Nisiseme zaidi.

Baada ya hapo ndo tukaongeza mikofenoleti. Nilitafuta famasi za mjini zote. Famasi moja dada wa kaunta alipoona karatasi imeandikwa mbwa akanirudishia, eti dawa hii ni ya watu waliopandikizwa figo hatuwauzii mbwa. Dokta akampigia mwenyewe ndo nikauziwa. Ilimharisha vibaya wiki za mwanzo, dokta akaigawa dozi na kuipa na chakula, ikatulia. Predi tukaanza kuishusha pole pole sana, kidogo kila baada ya wiki kadhaa na kipimo cha damu kila hatua.

Pwani Raha
Daah. Chuma yuko wapi sasa hv??

Mkulima wa Ruiru
Huyo mlinzi apewe ng'ombe.

KiboSide
Mimi machozi. Chuma apewe nyama kilo

Dada wa Njiro
Chuma yupo, na kila mwezi nampelekea mifupa ya supu. Mlinzi nilimpa hela akakataa, akasema ningemlipia chanjo ya Chuma, nikamlipia.

Tegeta Kwa Ndevu
Wangu hakupata bahati hiyo. Damu ilikuwa inapanda kabisa, tukawa tunafurahi, halafu akaanza kuhema ghafla na kufika jioni hayupo. Dokta alisema ni damu kuganda ikaziba mapafu, kwamba mbwa wengi wa ugonjwa huu wiki mbili za mwanzo huuliwa na mabonge, sio kuishiwa damu peke yake. Muulizeni daktari wenu mapema kuhusu dawa ya kuzuia kuganda, klopidogreli au aspirini ndogo. MUULIZENI. Msijipimie, aspirini na predi pamoja zinachoma tumbo.

MamaBruno
Pole sana Tegeta. Bruno alipewa klopidogreli.

VetMtarajiwa
Pole sana kaka. Na kuhusu tumbo naongezea, mbwa aliye kwenye predi asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kabisa, tumbo linatoboka. Panadoli nayo msimpe eti ana homa.

Mkulima wa Ruiru
Kitu ingine watu wanasahau ni kupe. Mbwa wa jirani yangu alikuwa anatoka damu puani, chembe za kugandisha ziko karibu na sifuri, wote wakasema ni kinga. Kupima, kumbe ni ugonjwa wa kupe, erlikia. Akapewa doksisaiklini siku 28 na predi ya muda mfupi, akapona hata hakuhitaji hizo za bei. Huku kwetu kabla ujaze mbwa dawa za kushusha kinga hakikisha amepimwa hiyo na babesia, ile ingine ya kupe.

VetMtarajiwa
Hapo umemaliza. Vimelea vya kupe vinaweza kuwa ndo vimeiwasha kinga yenyewe, kwa hiyo unatibu vyote viwili. Na kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anajificha kwenye nyufa za banda. Ukimwogesha mbwa ukaacha ukuta hujafanya kitu.

Mzee Majani
Kwenye banda mwarobaini unafaa.

VetMtarajiwa
Bandani sawa mzee, nyunyiza, ila usiutegemee peke yake.

Pwani Raha
Swali, azathioprini inachukua mda gani? wangu ana wiki moja sioni kitu nataka niache

MamaBruno
Usiache! Hiyo haina haraka, inahesabiwa kwa wiki, ndo maana predi inaendelea kubeba mzigo. Na predi usiikate ghafla hata iweje, mwili wake umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Vipimo vya ini na damu usiruke, Bruno ini lilipanda kidogo dokta akabadilisha ikawa siku moja anapewa siku moja anapumzika. Halafu vaa glavu, usivunje kidonge, na kama nyumbani kuna mjamzito asiishike.

KiboSide
Wangu nilikuwa namfichia kwenye dagaa. Anakula dagaa anatema kidonge.

Tegeta Kwa Ndevu
Weka kwenye ndizi mbivu.

Dada wa Njiro
Na chanjo ya kichaa je? Pili mwaka huu anadaiwa na kampeni ya Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, inakuja. Dokta mmoja kasema achanjwe, mwingine kasema asubiri.

VetMtarajiwa
Chanjo ya kichaa ni ya virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa kichaa, ila akiwa kwenye dozi kubwa inaweza isishike vizuri, na chanjo yoyote inaweza kuichokoza kinga. Zile za virusi hai ndo hapana kabisa kwa sasa. Wakae wakubaliane wale madaktari wawili, asije akakaa bila chanjo huku anazurura.

Mlalahoi wa Manzese
Wakuu naomba niulize bila ugomvi. Huyu mbwa wa kwetu wa geti toka jana hali, macho nayaona kama yana njano na mkojo umekuwa mwekundu. Shemeji anasema tumpe maziwa.

Dada wa Njiro
Fungua mdomo angalia fizi, rangi gani?

Mlalahoi wa Manzese
Nyeupe.

VetMtarajiwa
Usimpe maziwa, usimpe kidonge chochote. Mpeleke sasa hivi usingoje kesho. Usimkunje kwenye bodaboda, chukua bajaji alale ubavu, usimkimbize kwenye ngazi. Kama kuna mkojo sakafuni vuta kidogo na sirinji uende nao, na ukiona kupe mwilini mwambie dokta. Andika kila alichokula wiki hii, hasa vitunguu au mabaki ya mchuzi.

MamaBruno
Na kama una jirani mwenye mbwa mkubwa mpigie sasa hivi ukiwa njiani. Nauli nakutumia mimi, nitumie namba faragha.